Mahindi Yasiyopitishwa na Kikao

Kijiji cha Tunu,
Shambani kwa dada yako,
Msimu wa mavuno (kwa waliolima).

Shemeji yangu mkubwa, mheshimiwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na umekaa kwenye kiti chenye egemeo. Sisi huku tuko salama kwa upande wa fikra.

YAH: KUSTAWI KWA DADA YAKO BILA IDHINI YA KIKAO

Siku ya harusi yetu ulinishika bega mbele ya pande zote mbili ukaniambia kwa sauti: "Dada yangu akikushinda, usimguse na usimnunie. Niandikie barua." Watu walicheka, lakini mimi niliweka akilini. Miaka yote hii sikuandika. Si kwamba hakunishinda, maana alikuwa akinishinda karibu kila siku, ila nilikuwa mtumishi wa umma na niliona si vizuri kupeleka lalamiko ambalo halijakomaa. Sasa limekomaa. Ninachoomba nakitaja mapema, usije ukachoka kabla hujakifikia: naomba umwamuru dada yako avuke njia, arudi kijijini, na aje na mwiko.

Kwa kuwa hujafika huku tangu nistaafu, nieleze kidogo. Unakumbuka nilikuwa afisa mipango. Katika utumishi wangu nilihudhuria semina nyingi, na humo nilijifunza kwamba watu hawakosi nguvu za kufanya kazi, wanakosa dira. Nilipostaafu nikaona nisikae bure. Lile shamba ulilomgawia dada yako kama fungu lake nikaligeuza kijiji cha watu wanaoishi kwa tunu na kwa kuheshimu mazingira. Kijiji hakina bosi. Neno "amri" limepigwa marufuku. Ardhi haiumizwi kwa jembe. Kila mtu hufanya kazi iliyomwita moyoni, na jambo lolote ambalo halijapitishwa na kikao kwa kauli moja halihesabiwi kuwa limetokea.

Watu wa kujitolea wakaja. Alikuja Daktari wa Meno, aliyechoka kutazama vinywa vya watu. Alikuja Dereva wa lori, aliyesema anataka kukaa mahali pamoja mpaka mgongo wake usahau barabara. Na alikuja binti mmoja tunayemwita Pole-Pole, ambaye huzungumza na miche, na mara nyingine husubiri jibu. Wengine walionja wakaondoka, hao siwahesabu.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kupanda bila kikao. Mvua ya kwanza iliponyesha sisi tulikuwa tumekaa kwenye mduara chini ya bati la ukumbi, tukijadili dira. Dira ilikuwa na neno "endelevu", na Dereva alitaka liondolewe kwa sababu lilimkumbusha safari. Dada yako hakuja. Alichukua jembe, akavuka njia, akalima kile kipande cha ng'ambo kwa mistari iliyonyooka, akafukia mbegu, akaenda kuoga. Nasi hatukuzembea. Tulipomaliza dira tulizimwaga mbegu zetu juu ya ardhi kwa upendo, ili kila moja ijichagulie pa kuota. Kuku wa dada yako wakazichagulia. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na kweli neno halikuharibika hata moja. Kilichoharibika ni mbegu.

2. Kustawi. Shemeji, mahindi yale yameota kwa kiburi. Yalizidi bango letu kwa urefu, hata mgeni anayetoka barabarani akawa anaona mahindi kwanza na tunu baadaye. Tulilijadili jambo hilo kwa upole, na kikao kikaamua kwa kauli moja kwamba, kwa kuwa kupandwa kwa mahindi hayo hakukupitishwa, basi mahindi hayo hayapo. Uamuzi huo niliuandika mwenyewe na mpaka leo nauona ni mzuri. Tatizo ni kwamba sikutazama mbele yake. Mahindi yalipoanza kukomaa nilimkuta Daktari wa Meno nyuma ya ghala akitafuna hindi la kuchoma. Nilipomwuliza, akanikumbusha kwa heshima zote kwamba mtu hawezi kuiba kitu ambacho hakipo. Nikaenda kuomba mwongozo wa kikao. Kikao chote kilikuwa kinatafuna.

3. Choo. Kijiji kina choo cha majivu kisichotumia tone la maji, na ndicho fahari yetu. Ila ndoo yake ikijaa, lazima mtu aitwe moyoni kwenda kuimwaga kwenye shimo la mboji. Tulikaa kimya tukasikiliza mioyo yetu. Pole-Pole aliitwa na maua, Dereva aliitwa na kivuli, mimi niliitwa na muhtasari. Tulisubiri sana. Mwishowe dada yako akapita na ile ndoo mkononi, akasema yeye ameitwa na harufu. Hilo nalichukulia kuwa ni dhihaka dhidi ya tunu ya usikivu. Aliporudi akanawa mikono, akawatazama wajitoleaji wangu mmoja mmoja, akasema: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nilimwomba aifute kauli hiyo. Akaniuliza aifute na nini, na ndoo ameshaisafisha.

4. Kuhama. Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu najua utasikia na upande wake. Kijiji kilihitaji Chumba cha Tafakuri. Nyumba ina vyumba viwili tu, na kimoja kimejaa makaratasi yangu makubwa ya semina, yale ya kubandika ukutani, ambayo huwezi kuyakunja yakabaki na maana ileile. Kwa moyo wa kujitolea nikatoa chumba chetu cha kulala. Kitanda tulikifungua, na mbao zake zikatosha kutengeneza bango jipya, refu kuliko mahindi, lenye maandishi KARIBU, WEWE NI MUHIMU HAPA.

Dada yako alirudi kutoka kisimani akasimama mlangoni na ndoo yake ya maji, akatazama pale kilipokuwa kitanda. Sakafuni walikaa watu wamefumba macho. Nilitegemea atagomba, na nilikuwa nimejiandaa kwa hoja. Hakugomba. Alitua ndoo, akabeba godoro, sufuria, jembe na kuku, akahamia kwenye ghala la ng'ambo ya njia. Nilimfuata nikamweleza kwamba kwa kanuni za kijiji yeye hajahama, kwa kuwa hakuna kikao kilichopitisha. Akakubali kabisa. Akasema basi nisishangae nikiona mtu ambaye hajahama hapiki.

5. Mwiko. Hili ndilo lililotuvunja mgongo. Katika mduara wetu hakuna anayeruhusiwa kusema mpaka awe ameshika mwiko, ili tujifunze kusikilizana. Mwiko wenyewe ulitoka jikoni kwa dada yako. Wazo la kwanza lilikuwa tutumie jiwe, lakini jiwe lilionekana lina vitisho. Kwamba yeye alikuwa anakoroga uji wetu kwa kijiti cha kuni tangu siku ile, mimi nilidhani ni ubunifu.

Basi kesho yake baada ya kutohama kwake, aliingia kwenye mduara wakati Dereva ameushika na ndiyo kwanza anakaribia hoja yake, akauchomoa mkononi mwake, akaenda zake. Shemeji, hapo ndipo kijiji kilipozimika. Bila mwiko hakuna wa kusema. Na kwa kuwa hakuna wa kusema, hakuna aliyeweza kutoa hoja kwamba tutafute mwiko mwingine. Tulikaa tukitazamana. Pole-Pole alitokwa na machozi na hatukuweza kumwuliza ana nini. Bila kusema hakuna kikao, bila kikao hakuna kinachopitishwa, na kisichopitishwa hakitokei, kikiwemo chakula cha mchana. Dereva alivumilia kuliko nilivyotegemea. Halafu akainuka, akajipangusa suruali, akavuka njia bila neno, kama kanuni inavyotaka. Wenzake wakamfuata.

6. Kunyang'anywa wajitoleaji. Huko ng'ambo, shemeji, wanapewa amri. Nimesikia kwa masikio yangu. Wewe palilia mpaka kwenye ule mti. Wewe chambua maharage. Wewe wa meno, chota maji, na ukirudi ziba ule ufa wa ghala kama unavyoziba watu. Hakuwaeleza dira wala shabaha. Nilitegemea wataumia, na nilikuwa nimeandaa kipindi cha kuwaponya. Badala yake Daktari wa Meno anapiga mluzi. Dereva anasema mgongo umepona. Pole-Pole bado anazungumza na miche, ila sasa anazungumza huku anapalilia, na dada yako anasema huyo ndiye anayempenda kuliko wote, kwa sababu anaongea na wasiobisha. Nikikaa hapa nilipo naona ng'ambo kuna kijiji kisicho na dira, na kimejaa watu. Mimi nina dira, tunu na bango.

7. Kunawiri. Hili ndilo zito, na ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia nisingekuandikia wewe. Dada yako amenawiri. Uso umejaa. Anaimba, shemeji, anaimba akipura maharage, na mimi katika ndoa yote hii sikuwahi kujua kwamba ana sauti ya kuimba. Nilikwenda mpaka ukingo wa njia, sikuvuka, nikamwambia kwamba nafasi yake kijijini bado iko wazi. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Nafasi gani?"

Nilirudi ndani kutazama, maana muundo wa kijiji niliuchora mwenyewe kwenye karatasi kubwa, kwa rangi nne. Nilikuwa nimeweka udongo. Nilikuwa nimeweka nyuki, ndege, vizazi vijavyo, na wewe mwenyewe upo kwa juu kama mdau. Yeye sikumwona. Niligeuza karatasi nikatazama na nyuma. Nakuambia ukweli, niliona haya, na tangu siku hiyo nakula peke yangu. Lakini haya si hoja, na katika barua hii nimekusudia kubaki kwenye hoja.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu, kwanza, umwite dada yako umwagize aache kustawi hadi hapo utaratibu utakapokamilika. Pili, mahindi yale yaletwe mbele ya kikao ili yapitishwe kuanzia siku ya kupandwa, na yakishindwa kupata kauli moja, yarudishwe kuwa mbegu. Tatu, wajitoleaji warejeshwe, na kila mmoja aandike maelezo kwa nini ameshiba. Nne, uje wewe mwenyewe kama mwezeshaji tufanye warsha ya maridhiano. Mahali pa kulala patakuwepo, sakafu ya tafakuri ni pana. Ukija, kama haitakuwa usumbufu, beba unga.

Nakuomba usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Leo mwanamke mmoja amelima bila kushirikisha wadau akapata chakula. Kesho watalima wawili. Mwisho wake watu watakuwa wanaamka asubuhi na kwenda shambani moja kwa moja bila hata kujitambulisha, na sisi tuliosomea mipango tutabaki kuwa watu wa kuonyeshwa kwa watoto.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mkeo, na mwambie bado nakumbuka ukarimu wake, hasa siku hizi. Wasalimie watoto na wajukuu, yule mdogo mwambie babu yake ana kijiji. Mama mkwe mpe shikamoo yangu kwa magoti, na akiuliza bintiye anaendeleaje, sema ni mzima, usiingie kwenye undani. Jirani yako fundi seremala naye nisalimie, na umwulize kwa mbali kama bango linaweza kurudi kuwa kitanda.

Ni mimi shemeji yako, niliye katika mchakato,
Mratibu (asiye bosi) wa Kijiji cha Tunu.

Tanbihi: Samahani kwa mwandiko wa hapa chini, naandika kwa mkono wa kushoto. Nilivuka njia kumkabidhi dada yako barua hii, maana ndiye atakayekuja kwako Jumamosi kukuletea gunia la mahindi. (Mahindi hayo, kama nilivyokwisha kueleza, hayapo. Yaanike vizuri kabla ya kusaga.) Nilimkuta jikoni. Aliisoma yote palepale, amesimama, uji ukichemka, na pale kwenye udongo na nyuki alirudia mara mbili. Akasema ni barua nzuri, ila ndefu. Kisha akaniuliza imepitishwa na kikao gani.

Nilifikiri sana, shemeji. Kikao hakijakaa tangu mwiko uondoke. Kwa hiyo, kwa kanuni nilizozitunga mwenyewe, barua hii haipo, sijalalamika, na wewe hujasoma kitu. Nikaona angalau nimweleze kwa mdomo yale ambayo sikuyaandika, na yalikuwa mengi. Nikanyoosha mkono kuomba mwiko ili niruhusiwe kusema. Akanipa. Nikavuta pumzi.

"Usiongee," akasema. "Koroga."