Barafu ya Wolderveen na Bitiruti za Mzee Geert

Alhamisi, 28 Novemba

Redio ya mkoa imetoa utabiri. Baridi na mvua mpaka katikati ya Desemba. Upepo wa kutoka baharini. Joto nyuzi mbili tatu juu ya sifuri, mchana na usiku. Mtangazaji akaongeza kwamba wapenzi wa kuteleza kwenye barafu wawe na subira. Kejeli hiyo! Nikamzima.

Mimi ndiye msimamizi wa barafu wa Wolderveen. Kazi yangu ni kuyajaza malisho ya Mzee Geert maji kidogo tu, kungoja yagande sentimita tatu, kisha kuita waandishi. Kijiji cha kwanza nchini kupata barafu ndicho kinachoandaa mbio za kwanza za kuteleza, na televisheni inakuja. Miaka miwili mfululizo ni jirani zetu wa Nijhaar. Msimamizi wao ni Jantien Koops, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kupima barafu. Shukrani ya punda!

Mwaka huu hanipati. Vitunguu vyangu vina maganda manene, dalili ya baridi kali, na kitunguu hakisemi uongo. Nimemwambia Berend, mwenyekiti wa klabu yetu ya kuteleza, kwamba upepo mkavu wa mashariki, ule wa kugandisha maji, unafika Jumanne. Redio sikuitaja. Hakuniuliza.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Geert. Kuna tatizo dogo. Lundo lake la bitiruti, chakula cha kondoo wake cha majira yote ya baridi, liko pembeni mwa malisho, upande wa bondeni. Akaomba nisubiri Jumatatu, mpwa wake aje na trekta kulihamisha. Nikamwambia ngojangoja huumiza matumbo. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikasema baridi haijui methali. Akacheka.

“Haya, kijana wangu,” akasema. “Wewe ndiye unayejua mambo ya hewa.”

Nina miaka sitini na moja. Hakuna mwingine anayeniita kijana. Nikaenda moja kwa moja kufungua lango la mfereji, asije akabadili mawazo.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua. Ni ya kuaga, hiyo.

Nimepanda baiskeli mpaka Nijhaar kupeleleza. Malisho yao makavu kabisa! Jantien yuko jikoni anaoka biskuti. Nikamuuliza mbona hajajaza maji. Akasema amesikiliza redio. Nikamwambia msimamizi wa kweli hasikilizi redio, huyo ni mwoga. Hakukasirika, akanisogezea biskuti. Nikala. Nikaomba na za njiani.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua bado. Malisho si malisho tena, ni ziwa. Nilitaka maji membamba, sasa yanaingia kwenye mabuti. Lango la mfereji limevimba, halifungiki. Nimeligonga kwa nyundo, mpini ukavunjika.

Mpwa wa Mzee Geert alikuja na trekta. Ikazama kabla ya kuvuka geti, akairudisha nyuma kwa shida, akaenda zake. Lundo la bitiruti limesimama majini. Mimi nimepita nyuma ya kanisa, njia ndefu, ili nisionekane kutoka dirisha la jikoni la Mzee.

Hilly, mke wangu, anasema nikamwambie Berend ukweli leo leo, watu waje kuokoa bitiruti. Nikamwambia nina mpango bora zaidi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akapanda juu kukunja nguo.

Jumanne, 3 Desemba

Mpango bora zaidi: binamu yangu ana duka la samaki mjini. Barafu ya kusagwa anayo tele. Nimejaza tela la gari, nikaimwaga kwenye kona yenye maji haba, nikaishindilia kwa koleo. Ukiwa mbali, inapendeza! Ukiwa mbali sana. Nikampigia simu Berend. Nikampigia na mpigapicha wa gazeti.

Kabla yao walifika shakwe, wale ndege wa pwani. Shakwe wote wa mkoa, nadhani. Barafu ya samaki ina vipande vya samaki, jambo hilo sikulifikiria. Berend akachutama, akainusa, akachomoa mkia wa heringi. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu ambaye ugonjwa wake hauna dawa. Mpigapicha alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Nilidhani anatafuta pembe nzuri, kumbe anacheka.

Jumatano, 4 Desemba

Niko gazetini. Mimi, koleo, na shakwe mmoja begani. Chini wameandika: Shakwe wa Wolderveen wawa wa kwanza nchini.

Duka la mikate lilinyamaza nilipoingia. Nikatoka bila mkate, na uso sijui niuweke wapi. Lakini hiyo haikuwa aibu bado. Aibu niliikuta malishoni.

Mzee Geert alikuwa ndani ya maji, peke yake, na uma wa shamba. Anachota bitiruti, anatia kwenye toroli, anaisukuma hadi pakavu, anarudi. Amelowa mpaka mapajani. Ana miaka themanini kasoro. Nami nilifanya nini? Nilijificha nyuma ya mti.

Hilly akanikuta hapo. Akauliza nafanya nini. Nikasema napima upepo.

“Basi upime,” akasema, akaingia majini na sketi yake.

Nikamfuata. Nimesukuma toroli mpaka kiuno kikagoma. Nusu ya bitiruti zimeoza, zinateleza mkononi kama sabuni. Mzee hakunilaumu hata kidogo. Alitupeleka jikoni, akatumiminia kahawa, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba atauza nusu ya kondoo, chakula hakitatosha. Akataja majike wanaobeba mimba, mmoja mmoja, kwa majina.

Redio ilikuwa inasema dirishani. Utabiri ule ule, sauti ile ile: baridi na mvua. Nikatazama kikombe.

“Niliusikia Alhamisi,” Mzee akasema. “Nikajiambia, kijana wangu Lammert lazima ana jambo analolijua zaidi.”

Nikatamani ardhi ipasuke. Nilikuwa na vitunguu tu.

Alhamisi, 5 Desemba

Mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, ukumbini. Kila zawadi ina shairi la utani, na aliyeandika hajitaji. Nilimwandikia Jantien, aliyealikwa na Berend, shairi kuhusu waoga. Lilisomwa. Hakuna aliyecheka. Wote walijua ni langu.

Nilipata makopo ya heringi, mengi. Sawa, nilistahili. Kisha Berend akasoma karatasi iliyofungwa kwenye soksi za sufu:

Lammert alisukuma toroli hadi kiuno kikauma,
Mvua ikimpiga usoni, wala hakurudi nyuma.
Mtakatifu, mpe soksi, zake zimelowa chapachapa,
Asije akapata mafua kwa kunisaidia hapa.

Mwandiko wa Mzee Geert. Ukumbi ukapiga makofi, naye Mzee akapiga makofi kuliko wote. Ningepewa makopo mia ningeyameza kwa furaha kuliko soksi hizo. Nikatoka nje kulia kwenye mvua, ambako haijulikani kipi ni kipi. Nimeapa kubadilika. Nimeapa kweli.

Ijumaa, 6 Desemba

Jambo jema! Usimamizi wa barafu nimeurudisha kwa Berend, akaupokea upesi mno. Na kondoo hawauzwi! Jantien ameleta matela mawili ya nyasi kavu kutoka Nijhaar, akazipanga uani kwa Mzee Geert, akazifunika kwa turubai. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Hata mimi nilimpa Jantien mkono. Akaniomba nikae nikizilinda mpaka mpwa wa Mzee aje jioni kuziingiza ghalani, maana redio imesema mvua kubwa mchana huu.

Nimekaa. Ila turubai lile! Limeandikwa NIJHAAR kwa herufi kubwa kama milango, na linaonekana mpaka kanisani. Uani kwa mtu wetu! Nikatazama mbingu. Kulikuwa na sehemu ya bluu, ndogo lakini dhahiri. Wale wa redio hawakuiona, wao wamekaa ndani. Nimelikunja turubai vizuri, nikamrudishia Jantien mwenyewe kwa baiskeli, ili asiseme tunang'ang'ania mali ya watu.

Sasa niko nyumbani, nimevaa soksi za Mzee. Zina joto. Dirishani naona matone. Huo ni umande. Hilly anavaa mabuti mlangoni, wala haniangalii.