Zifutwe Zote: Hotuba ya Uzinduzi wa Kituo cha Kurekodi Okestra

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Msaidizi wa Mwakilishi, ambaye tumearifiwa kwamba yuko njiani tangu juzi. Wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vidogo, makaimu wao na wanaokaimu kwa makaimu. Wadau wa sauti. Majirani mliojitokeza baada ya kuona viti. Na ninyi wazee wetu sita wa iliyokuwa Okestra ya Redio, mliokaa kule nyuma kwa sababu safu ya mbele ni ya walioalikwa. Kabla sijawapongeza wengine, niruhusuni nijipongeze mwenyewe, Mkurugenzi wa Idara ya Sauti Zilizohifadhiwa, kwa kufika kwa wakati. (Makofi safu ya mbele. Kadi ilisema saa tatu. Sasa ni saa sita na robo.)

Ndugu zangu, biashara ya kurekodi muziki wa okestra imebadilika, imepinduka, imepitia mageuzi ya kimfumo, kimuundo na kidijitali kiasi kwamba mtu asiyesoma ripoti zangu hawezi kuielewa, na mtu aliyezisoma nampa pole. Zamani, katika ukumbi huu huu, watu arobaini na mmoja walikuwa wanajifungia asubuhi mpaka jioni ili watoe kipande kimoja cha dakika ishirini na mbili! Feni zilizimwa zisivume. Saa ya ukutani ilishushwa isije ikasikika ikigonga. Mlinzi alisimama barabarani kuwanyamazisha wapiga honi. Taa nyekundu ikiwaka hakuna kukohoa, na mmoja akikohoa, wote wanaanza upya. Nimeona kwenye kumbukumbu kwamba kipande fulani kilirudiwa mara tisa kwa sababu ya mafua ya mtu mmoja! Je, huo ni ufanisi? (Sauti ya kike kutoka nyuma: “Ulikuwa muziki.”) Nimesikia, mama, nitakuja huko.

Halafu ikatoka santuri, mtu anainunua, anaiweka, anakaa. Anakaa kweli, jamani, mtu mzima na akili zake, dakika arobaini bila kufanya lolote! Ikaja kaseti, ikaja sidii, na leo tuko kwenye mtandao, ambako msikilizaji anahesabiwa akifikisha sekunde thelathini, na baada ya hapo hata akienda kulala si shauri letu. Kwa kuzingatia takwimu hizo, Idara yangu imeelekeza simfoni zote sasa zianzie mwishoni, pale kwenye kishindo. (Makofi.) Aidha, tumeziweka kazi za Okestra ya Redio katika makundi matatu ya kimkakati: Muziki wa Kulaza Watoto, Muziki wa Kusafishia Meno, na Muziki wa Kusubirisha Simu. Na hapa nina fahari kutangaza kwamba sekunde kumi na moja za fidla zinazosikika mnapopiga simu ofisi ya maji zimesikilizwa mara nyingi kuliko simfoni zote tangu okestra hii ianzishwe, na wengine wamezisikiliza mfululizo kwa saa nzima! (Kicheko kule nyuma. Mkurugenzi anakichukulia kuwa cha furaha.)

(Mama mmoja mzee anasimama, mkoba wa fidla begani. Ndiye aliyekuwa fidla ya kwanza, na wote humwita Mama Fidla.)

Shikamoo, mama. (“Marahaba. Kanda iko wapi?”) Kaa kwanza, mama yangu. (“Nimekaa miaka sita, mwanangu. Nimekuandikia barua saba. Kanda iko wapi?”)

Mabibi na mabwana, mama yetu huyu ni stekiholda muhimu sana, na jambo lake nalifahamu kwa kina, kwa kuwa barua zake zote saba zimefunguliwa jalada. Mumewe marehemu, aliyeitwa Babu Selo, alikuwa anapiga selo, ile fidla kubwa ya kushikilia magotini. Katika kipande kimoja, wenzake wote walinyamaza yeye akapiga peke yake kwa muda kama wa dakika moja. Mama anasema sauti ya mumewe haipo popote duniani isipokuwa kwenye kanda ile. Hakuna santuri iliyotoka, hakuna kaseti, ni hiyo kanda tu, na macho yake mama sasa hata picha hayaoni. Anataka aisikie kabla hajaondoka. Ni ombi zuri. Ni ombi dogo. Nami nasimama hapa kulijibu kwa vitendo!

Nilipoteuliwa, jambo la kwanza nililofanya ni ziara ya kushtukiza katika stoo ya kanda. Nilichokuta kilinisikitisha. Kanda mia sita na kumi na mbili zimejaa vumbi la kupanda mchicha! Nikauliza, kwa nini hazifutwi? Karani wa stoo akanionyesha maboksi, na kila boksi limeandikwa kwa kalamu nzito na mafundi wa zamani: USIFUTE. Jamani! Uvivu nimeuona katika utumishi wangu, lakini uvivu wa kuandikwa, wa kubandikwa, wa kuachiwa wajukuu, huo sikuwahi kuuona! Mtu hataki kushika kitambaa, basi anaweka tangazo! Hapo hapo nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika agizo langu la kwanza la kihistoria: ZIFUTWE ZOTE. (Makofi safu ya mbele. Kule nyuma mtu amepiga yowe.)

Naona hisia ziko juu. Na zilifutwa! Tena mimi nilifikiri kitambaa kingetosha, kumbe karani wangu ni mtu wa teknolojia, akagundua mle stoo mashine ya sumaku iliyoandikwa YA KUFUTIA, imekaa miaka bila kazi. Akazipitisha zote, moja moja, wiki mbili, bila hata kwenda kunywa chai. Karani, simama wakuone. (Karani hasimami. Ameinamisha kichwa. Mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, anapaza sauti: “Usifute maana yake usifute sauti! Ninyi watu, mmefuta sauti!”) Fundi, lugha yetu ni pana, tusianze kubishana kuhusu kitenzi. Vumbi lilifutwa au halikufutwa? (“Vumbi bado lipo!”) Basi hilo nitalifuatilia.

Na ili kuondoa minong'ono, kanda ya mama imeshahamishiwa kwenye simu yangu. Nasogeza kipaza sauti karibu. Mama, jiandae. (Ananyanyua simu. Hakuna kinachosikika. Dakika nzima inapita. Mama Fidla ameelekeza sikio upande wa simu, midomo imefunguka kidogo.) Mmesikia ubora huo? Hakuna mkwaruzo! Hakuna kikohozi! Hata ile saa ya ukutani haisikiki! (Mama Fidla: “Zima.”) Pamebaki kidogo, mama, sijui ni dakika kumi na — (“Zima, mwanangu. Umemuua mara ya pili.”)

Hayo ni maneno makali, lakini nayapokea kama maoni ya mdau.

(Mama Fidla anafungua mkoba. Wenzake watano wanamtazama, kisha mmoja mmoja wanatoa vyombo vyao: fidla mbili, filimbi, tarumbeta, na besi kuukuu iliyofungwa kamba. Anahesabu kwa kichwa. Wanaanza.)

Naam! Burudani hii haikuwemo kwenye ratiba, lakini naipokea! Sikilizeni, ni kile kile kipande! Kina mashimo mashimo, kwa sababu watu thelathini na tano hawapo, ila kinaeleweka. Hata mimi nasisimka, sijui kwa nini. Wewe mwenye suti ya kijivu, shusha simu. Na wewe mama wa kitenge, shusha! Haki zote za sauti inayotoka katika shughuli ya Idara ni mali ya Idara, na kurekodi ni jukumu la Kituo peke yake. Fundi, nakurudisha kazini kwa muda: rekodi! (“Kwa kitu gani, bosi?”) Kwa mitambo ya Kituo, nyuma ya pazia! (Fundi anavuta pazia. Kuna ukuta.)

Mabibi na mabwana, fundi ameingilia mambo yaliyo nje ya taaluma yake. Dunia ya leo haijengi studio kwa matofali. Kituo chetu kiko kwenye wingu, na kwa sasa upembuzi yakinifu unaendelea ili kubaini ni wingu lipi. Utepe nitaukata hapa hapa ulipofungwa, kati ya viti hivi viwili, kama nilivyoukata mwaka juzi na mwaka jana, kwa maana uzinduzi tunao wa kutosha, kilichobaki ni kituo. Nawashukuru sana wenye ukumbi kwa kutuazima pazia. Na kwa kuwa hatuna cha kurekodia, naagiza kila mmoja wenu akariri kipande kidogo, Jumatatu aje ofisini amwimbie katibu muhtasi wangu, naye atakiandika.

(Muziki umekatika. Mama Fidla ameulaza upinde magotini, amefumba macho. Hakuna anayeshusha chombo chake. Mguu wake unahesabu sakafuni, taratibu.)

Wamemaliza? Makofi basi! (Hakuna anayepiga. Fundi, kwa sauti ndogo: “Hawajamaliza. Hapa ni zamu ya mzee.”) Mzee yupi? Kuna mtu amechelewa? Haya, tusipoteze nafasi, wakati tunamsubiri tufunge kwa kaulimbiu yetu mpya. Nikisema Sauti, mnajibu Safi. Sauti!

(Kimya.)

Nimesema, Sauti!

(Kimya. Mguu unahesabu.)