Kuhusu Fundi Aliyeninyima Matairi Mapana

Kwa Meneja wa Duka la Matairi,

Salamu, na poleni kwa kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na naandika kwa uchungu na kwa mwandiko mzuri. Jumatatu nilileta dukani kwako gari la marehemu baba, lile dogo la rangi ya maziwa lenye umri unaokaribia wangu. Nilitaka matairi mapya kabla ya Jumamosi, maana mama yangu ameomba apelekwe kwa dada yake akiwa kwenye kiti kilekile cha mbele alichokalia miaka yote pembeni ya baba. Hajaniomba kitu kingine mwaka huu. Fundi wako, yule binti mnayemwita Jeki, akanivurugia kila kitu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Matairi ya zamani yameandikwa 165, yaani milimita za upana, ringi 15. Membamba mno! Gari la baba yangu kusimama juu ya vitu vile ni kama mzee wa heshima kuvaa kandambili. Nilikaa siku mbili na kalamu, nikathibitisha kwamba 205/65 yana kimo kilekile, tofauti ni milimita mbili na nusu tu. Fundi akaipitia hesabu yangu, akasema ni sahihi kabisa, kisha akauliza upana nimeuweka wapi. Mbele za watu, Meneja!

2. Binti huyo nilimfundisha mimi. Nilimpa thelathini na moja kwa mia, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu kwamba hesabu si fani yake. Juzi aliniamkia kwa adabu zote, akaingiza vidole kati ya tairi na madigadi, wala hakushika rula, akasema sentimita nne za ziada hazina pa kukaa. Heshima ya namna ile inauma kuliko matusi.

3. Alikataa kunifungia. Lakini alikataa kwa upole, na hapo ndipo lilipo kosa lake. Angenifokea ningeshtuka. Badala yake nilivuka barabara, na jirani yenu akanifungia mawili ya mbele bila kuuliza swali hata moja. Tangu hapo nikipinda kushoto tairi linakwaruza madigadi mpaka wapita njia wanaziba masikio. Kulia napinda vizuri, namshukuru Mungu. Basi kila penye kushoto moja, mimi napinda kulia mara tatu. Kwenda kununua mkate kumenichukua dakika hamsini, na majirani wanadhani nimeajiriwa kufanya doria.

4. Nimeiandikia halmashauri kuomba kona zote za kushoto zifungwe hadi Jumapili. Hawajajibu. Unaona mwenyewe fundi wako alikotufikisha.

Kwa hiyo naomba aonywe kwa maandishi, kwa kosa la kuwa na uhakika kumpita mwalimu wake. Mama anaulizia gari kila asubuhi, na mimi namjibu kwamba namalizia hesabu. Naona aibu, nakwambia kweli.

Nisalimie wote hapo dukani, pamoja na yule dada wa mapokezi aliyegeukia ukuta ili asinicheke usoni.

Wako anayedai haki yake,

Mwalimu mstaafu
(wanafunzi waliniita Bwana Desimali)

Nyongeza: Nimemsomea mama barua hii anikosolee lugha. Hakukosoa neno. Aliuliza tu kama yale ya zamani ni 165, akasema yafungwe hayohayo, kwani baba naye alinunua mapana mara mbili, na mara zote mbili ni yeye mama aliyekwenda kuyarudisha. Tafadhali mtume Jeki kesho na hayo membamba, manne. Mama ameagiza pia kwamba Jumamosi Jeki ndiye atakayeendesha. Mimi nimepangiwa kukaa nyuma na kushika mkoba.