Hotuba ya Kuzindua Picha ya Punje Moja ya Kahawa

Mheshimiwa Mgomba Mkuu uliyesimama kando ya choo. Waheshimiwa Migomba wa Kamati ya Ulinzi wa Uzio. Ndugu Mti wa Kahawa, mwakilishi wa sekta binafsi. Viongozi wa magimbi na maharage. Wageni waalikwa, pamoja na kuku ambao hawakualikwa. Mabibi na mabwana wa kibanja chetu hiki cha Hamugembe, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya majani.)

Mimi, Kemilembe, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye darasani nikiulizwa jina natazama viatu, nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mtendaji, Kamishna wa Mwanga na Msemaji Pekee wa Mradi wa Picha ya Kitu Kimoja, kwa sababu ninyi ndio mkutano pekee usionikodolea macho. (Kicheko. Ni upepo.)

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, shindano la picha la vijana limetaka minimalist photo, yaani kitu kimoja, nafasi tupu, basi. Na mwisho wa kupokea ulikuwa leo jua linapozama. Binamu yangu Gaudiosa alipopata fununu alitoa tamko kinyume na sera: "Kemi, wewe? Hata salamu unaitoa kwa mkopo, utapeleka picha yenye jina lako?" Serikali yangu ilienda jikoni, ikalia kidogo, kisha ikaunda kamati. (Migomba: Aibu! Aibu!)

Kamati iliwapitia waombaji kwa uwazi na ushindani: ndizi ikaenguliwa kwa kuja na ukoo wake wote, sindano ya Mama ikaenguliwa kwa kujificha kwenye zulia, na kwa asilimia mia moja ya kura, zote zangu, ikapita punje moja ya kahawa ya kutafuna, ile anayoichemsha na kuianika bibi kule Izigo, nyeusi, imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza.

Kwa upande wa miundombinu ya mwanga, jua la dirishani lilikuwa kali na kivuli cha punje kikawa kama cha ng'ombe, hivyo ofisi yangu ikatundika chandarua dirishani, mwanga ukalainika, ikasimamisha mfuniko wa sufuria upande wa pili ili urudishe mwanga kwenye giza, ikaiweka punje kwenye sahani nyeupe juu ya meza ya sebuleni, ikarudi nyuma na simu ya Mama, ikaisogeza punje kushoto kidogo, ikairudisha. Ilikuwa nzuri, jamani. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri vile. (Kuku mmoja anakohoa.)

Utekelezaji ukiwa umefikia asilimia tisini na tisa, aliwasili jirani yetu mzee, Ta Karugendo, akavua kofia, akakaa palepale mezani; na mila mnaijua, mgeni hupewa kahawa atafune kabla ya habari zote, na mzee mwenye adabu haiachi kahawa aliyowekewa. "Waitu, jamani, mmeniwekea tayari!" akasema. "Lakini moja tu, mjukuu wangu? Nyumba hii kuna njaa?"

Mama akatoka chumbani, akaiona sahani, akatamani ardhi immeze. "Kemilembe! Mtu mzima unampa punje moja? Watu watasema nimekulea wapi?" Akamimina kopo zima la kahawa kwenye kikapu cha wageni, Ta Karugendo akatafuna, akajaza na mfuko wa koti kwa ajili ya mkewe, wakajadili bei ya vanila mpaka jua likaingia nyuma ya kilima. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo tunaita changamoto ya kiutendaji. (Migomba: Pole!)

Kitu kimoja! (Oyee!) Mwanga laini! (Oyee!) Gaudiosa! (Ziii!)

Kwa kumalizia, nawashukuru wadau wote wa picha hii, ambayo natamka rasmi kwamba haikupigwa. Kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu. Nafasi ya kusema, "Ta, subiri kidogo," nilikuwa nayo, kwa sababu aliponyoosha mkono alinitazama kwanza, akingoja ruhusa yangu. Na maneno ninayo, mmesikia wenyewe. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikasema, "Karibu, Ta."