Tafadhali Pandisheni Bei Kabla Sijafa

Sunnyvale, California
3 Machi 2025

Kwa Bwana Wendell Haugen, mwasisi wa kampuni ya ng'ambo ya barabara,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Daktari amenipa mpaka Pasaka, na kwa kuwa hatujasemezana tangu 1999, naleta malalamiko yangu kwa maandishi, kwa adabu.

1. Kwa miaka kumi na minane nilipanga bei za prosesa zetu, ule ubongo wa kompyuta, na miaka yote hiyo zenu ziliuzwa pungufu. Tukishusha asubuhi, ninyi mlishusha kabla ya chakula cha mchana. Nilidhani ni biashara tu, mpaka siku marehemu mke wangu Lorraine alipotoa kochi letu kuukuu mbele ya nyumba aliuze, nawe jirani ukatoa la kwako, pungufu kwa dola tano. Lako lilikuwa na mguu mbovu. Likanunuliwa.

2. Mlipotoa prosesa ya dola mia na themanini, yetu ya chini kabisa ilikuwa mia nne. Wakubwa walitaka ya mia na sabini katika wiki sita, na kubuni mpya ni kazi ya miaka miwili. Nikashauri tuchukue ileile ya mia nne, tukate vijistari viwili vya shaba juu yake ili nusu ya nguvu zake ilale, kisha tuipe jina jingine. Tulilipa mafundi waharibu kitu kizima. Ile mbovu ikatugharimu kuliko ile nzuri. Dhambi hiyo naiandika kwa jina lako, maana bila bei yako nisingeifikiria.

3. Miezi mitatu baadaye gazeti la kompyuta likachapa barua isiyo na jina: pitisha penseli ya kawaida palipokatwa, umeme utavuka, na nusu iliyolala itaamka. Nchi nzima ikanunua penseli. Ya mia nne haikuguswa tena. Nikaondolewa kwenye kazi ya kupanga bei, na mji wote ukajua mwandishi ni wewe. Ulikuja mlangoni kwangu ukasema, "Harlan, mimi hiyo penseli siijui." Nikakufungia mlango.

4. Kwa hiyo naomba mpandishe bei kwa dola arobaini mpaka nizikwe, ili walau mara moja niwe rahisi kuliko wewe. Pia uandike msamaha, uusome mwenyewe kanisani, polepole, mbele ya jeneza.

Nisalimie mkeo Marjorie, na mbwa wenu, na idara yenu nzima ya bei, ambayo sijawahi kukutana nayo ila ndotoni.

Wako kwa kinyongo na heshima,
Harlan Treadwell

N.B. Muuguzi wangu, Ligaya, ameisoma kabla ya kufunga bahasha. Kauliza, "Sasa mzee, huyu jirani alijuaje mmekata wapi?" Nikamwambia anipe dawa anyamaze. Amenipa dawa, na bado amesimama hapa. Mafundi waliendesha mashine tu bila kujua inakata nini; waliopajua tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa Alaska akivua samaki. Barua ile niliiandika mimi, kwa mkono wa kushoto, baada ya kushinda wiki nzima nikitazama vitu vizima vikiharibiwa kwa ushauri wangu. Halafu nikakuacha uibebe miaka ishirini na sita.

Bei iacheni. Msamaha nitausoma mimi, ukija Alhamisi. Siwezi tena kufika mlangoni, kwa hiyo hakuna wa kukufungia.