Cheti cha Kifo cha Nondo

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba tarehe sita Januari, saa nne asubuhi, nondo wote wa kabichi wa wilaya yetu, wale wadudu warukao ambao viwavi wao hula majani, walifariki dunia kwa baridi. Cheti chao cha kifo nilikitia saini na muhuri wa duara mimi mwenyewe, Radostin Kutev, Mkurugenzi wa Ofisi ya Baridi na Wadudu.

Utaratibu wetu ni wa kisayansi. Siku hiyo, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, kasisi hutupa msalaba katika mto Danubi na wanaume hujitosa kuufuata. Wakitoka meno yakigongana, baridi imetosha na wadudu wamekufa. Mwaka huu, ni kweli, wanaume waligoma kutoka. Walikuwa wakirushiana maji, na mmoja akaagiza bia. Lakini kasisi alipiga chafya, tena mara mbili. Nikaandika: baridi kali.

Mwezi wa tatu akaja Stoyna, mjane mwenye ekari mbili za kabichi, chupa yenye nondo mkononi. Kijiji kizima hujaza mapipa ya kabichi ya kuchachusha kutoka shambani kwake. Alitaka kibali cha kupulizia dawa kabla miche haijaliwa.

"Haya, bwana mkubwa, tazama. Hawa nimewatoa kwenye mashina ya mwaka jana."

"Hao ni marehemu, Shangazi."

"Marehemu wanaruka?"

"Basi ni wageni. Wamepeperushwa na upepo kutoka Ugiriki. Nondo hawezi kumaliza majira ya baridi huku kaskazini mwa milima. Ramani ya wizara inakataza."

"Na wao wameisoma hiyo ramani?"

"Kibali hutolewa dhidi ya wadudu walio hai. Hawa wana cheti cha kifo."

"Lo! Radostin, we mtoto una macho makavu! Miche yangu ikiisha, watu watajaza nini kwenye mapipa? Mihuri yako?"

Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote.

Mwezi wa tano ikaja barua kutoka wizarani. Nilijua ni nishani, nikavaa tai kabla ya kuifungua. "Hongera. Kwa kuwa wilaya yako haina hata mdudu mmoja, ofisi yako imefutwa kuanzia leo. Rudisha muhuri."

Nikapiga simu mbiombio kueleza kwamba wadudu wapo, tena tele. Afisa wa huko akacheka mpaka akakohoa.

"Ndugu Kutev, si umesaini mwenyewe? Haya, tuletee hao walio hai tuwaone."

Stoyna nilimkuta ameinama shambani. Bila kibali hakuna duka lililokubali kumuuzia dawa, kwa hiyo alikuwa akiokota viwavi wa nondo hao kwa vidole, jani kwa jani. Nusu ya shamba ilikuwa imebaki vishipa vitupu vya majani. Niliona aibu, nasema kweli.

"Shangazi, naomba kiwavi mmoja tu. Aliye hai."

"Mmoja? We vipi! Hapa hatuuzi rejareja." Akanisukumia ndoo. "Anza safu ile, nenda nayo mpaka mwisho. Ukimaliza, mmoja nitakupa."

Nikavua tai, nikapiga magoti kwenye udongo. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeua marehemu mia nne.