Nani Anaijua Serikali?

Itangazwe kwa wote wenye masikio: mwaka ule fedha za vibarua wa karanga wa Kongwa zilipoanza kuzagaa Dodoma, Serikali, kwa huruma yake, ilifungua Ofisi ya Kuwazoesha Wenyeji Kuweka Akiba. Ilikuwa na meza, mhuri, sanduku la chuma na karani mmoja, Marko, aliyeahidiwa baiskeli ya Serikali endapo atapata wateja kumi kabla Mkaguzi hajafika kutoka Dar es Salaam.

Masharti yalikuwa mepesi. Mteja alete barua tatu za kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye, na akizitaka fedha zake atoe notisi ya siku saba na sababu ya kuridhisha.

Wa kwanza kufika alikuwa Anyesi, bibi wa Mvumi aliyekuwa ameuza mbuzi wawili.

"Barua?" Marko akauliza. Hakumwamkia, kwa kuwa kanuni hazikutaja salamu.

"Barua ya nini, mwanangu? Si mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Mimi nakujua, bibi. Ofisi haikujui."

Anyesi akakaza fundo lake la kanga, akavuka barabara hadi duka kubwa la Fatmabai, lililouza kila kitu kuanzia majembe hadi peremende. Huko akiba iliwekwa kishenzi kabisa, na Marko alisikitika sana. Mafundo ya fedha yalipangwa rafuni nyuma ya magunia ya sukari. Mtu akija kuchukua lake, Fatmabai aliiuliza foleni, "Nani anamjua huyu?" Mmoja akijibu "Namjua," yamekwisha. Hapakuwa na mhuri hata mmoja, na watu walijaa hadi barazani!

Ofisini mambo yalikwenda vizuri, ila ufunguo wa sanduku la chuma ulikuwa umesahauliwa Dar es Salaam. Shilingi mia mbili zilizoletwa ili wenyeji waone akiba inafananaje zikakosa pa kulala. Bwana Mkubwa wa Ofisi akazifunga katika leso yake, akamtuma Marko azipeleke kwa Fatmabai, kwa muda tu.

Mkaguzi akafika. Wateja hawakuwapo hata wa dawa, basi angalau aoneshwe akiba. Marko akatimua mbio.

"Nimefuata fundo la Serikali!"

"Haya," akasema Fatmabai. "Jamani, nani anaijua Serikali?"

Foleni ikatazama dari.

"Huja kwangu kudai kodi," akasema Matonya, mfugaji. "Lakini kujuana, hapana."

Marko akaiona baiskeli ikimponyoka. Akamgeukia Anyesi, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la sukari. "Bibi Anyesi, si unanijua?"

"Wewe nakujua, mwanangu. Fundo si lako."

Ikabidi Bwana Mkubwa aje mwenyewe, Mkaguzi nyuma yake. Akataja cheo chake chote. Watu wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamwonesha mwisho wa foleni. Akasimama nyuma ya mwanamke mwenye kuku wawili. Alipofika mbele jasho lilikuwa likimtiririka. Marko akamnong'oneza jambo. Bwana Mkubwa akavua kofia mbele ya Anyesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?" Akamgeukia Fatmabai. "Mpe. Huyu sasa namjua."

Mkaguzi alihesabu shilingi mia mbili, kisha akahesabu foleni. Kanuni zilisema wateja kumi; yeye aliwakuta arobaini na watatu. Baiskeli ikapelekwa kwa Fatmabai.

Marko alipokwenda kuiazima, Fatmabai aliiuliza foleni kwanza.